Kifua cha Mwalimu Methusela

Tarehe 3 Juni

Nimefika Makutupora. Sikuja kwa mapenzi, nimeletwa na kikao. Kaka yangu Lameck alikiitisha kwenye simu, dada Evelina akachangia kutoka Mwanza kwa sauti ya mtu anayetafuna, na kabla chai yangu haijapoa walikuwa wamekubaliana kwamba baba anakohoa, kwamba mke wa baba si mtu wa kuachiwa mgonjwa, na kwamba wa kwenda ni mimi, kwa sababu mkataba wangu wa ukarani kule Mtumba umeisha na hakuna aliyeniongezea. "Wewe Gladness si upo tu," alisema Lameck. Nipo tu, kama kiti cha plastiki cha kuazimwa misibani.

Kipupwe kimeingia. Upepo unakuja na vumbi jekundu, mizabibu imepogolewa, imebaki visiki vyeusi kwenye mistari. Nilimkuta baba kibarazani ndani ya koti lake zito la enzi za ukuu wa shule. Amestaafu zamani lakini bado huongea kana kwamba kengele iko mkononi mwake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kukaa au umekuja kuangalia?"

"Nimekuja kukuuguza."

"Nani kakwambia naumwa? Ni vumbi tu."

Kisha akakohoa mpaka macho yakamtoka, na alipomaliza akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekohoa.

Mke wake, Hamida, alitoka jikoni na kikombe cha chai. Ni Mrangi wa Kondoa, mfupi, mikono imara, maneno machache. Mama yetu alipofariki, baba hakumaliza mwaka. Alikwenda bomani na huyu mjane wakafunga ndoa ya serikali, yeye Mwanglikana wa kuzaliwa na huyu na ushungi wake. Sisi watoto hatukwenda. Hii ni mara yangu ya kwanza kulala chini ya paa lake. Chai ilikuwa na sukari kiasi ninachopenda. Nimeichukulia kuwa ni hila.

Tarehe 4 Juni

Baridi. Baba kakohoa. Mwanamke kapika mlenda. Sikusifu.

Tarehe 6 Juni

Leo ana homa. Hamida alisema, "Mwalimu, twende hospitali." Humwita hivyo, Mwalimu, hata akimpa maji. Nami nilisema twende hospitali. Baba akajibu kwamba hawezi kupelekwapelekwa na wanawake wawili kama mbuzi wa mnada, na kwamba atasubiri neno la Lameck. Nikampigia Lameck. Lameck akasema tusubiri neno la Shangazi Ruthu. Hivyo ndivyo wanaume wa ukoo huu wanavyofikia maamuzi: wanasukumiana mpaka mtu afe, halafu wanaulizana ilikuwaje.

Tarehe 8 Juni

Shangazi Ruthu amefika kutoka Gulwe. Ni dada wa baba, mkubwa wake, na hajawahi kuingia nyumba yenye mgonjwa bila kuongeza mgonjwa mwingine. Alisalimia mlangoni, "Mbukwenyi!" akazungusha macho yake kwa kila mtu, yakamruka Hamida kama mtu anavyoruka dimbwi.

Akachemsha majani yake, akamfunika baba blanketi juu ya sufuria la mvuke. Baba akapiga mateke. Shangazi akasema hayo mateke ni ugonjwa unatoka. Nilipomfunua alikuwa wa rangi ya majivu.

"Kifua hiki si cha Mungu," alisema Shangazi kwa sauti ya kusikika mpaka shambani. "Hiki kimetupiwa kitu."

Hamida alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchele. Aliokota chuya, akaitupa. Akaokota nyingine.

Jioni Lameck akaja na gari lake la ofisini na kichupa cha mafuta ya nabii fulani wa mjini. Alimpaka baba kifuani kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa rangi mbichi, akapiga picha ya mkono wake juu ya mkono wa baba, akaituma kwenye kundi la familia na maneno "Mungu yupo kazini". Mungu anaweza kuwa kazini. Lameck hakuwa. Aliondoka kabla ya chakula, akihofia barabara.

Tarehe 10 Juni

Nimeketi kwenye benchi la hospitali mjini, ninaandika kwa sababu nikiacha kuandika nitamtukana mtu.

Asubuhi baba hakuweza kumaliza sentensi. Alikuwa anavuta pumzi fupifupi, mbavu zinaingia ndani, midomo imegeuka ya zambarau. Shangazi akaanza wimbo. Hamida hakuuliza mtu. Alivuka kwa jirani mwenye pikapu, akarudi nayo, akatandika godoro nyuma, akaingia ndani kumchukua mumewe. Shangazi akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Haendi kokote mpaka mwanawe aje!"

"Shangazi," alisema Hamida, wala hakupandisha sauti, "ukitaka kukaa mlangoni kaa. Ila tutakubeba pamoja na mlango."

Shangazi akajitoa. Mimi nilishika miguu, Hamida akashika mabega. Njiani alimwegemeza baba kifuani kwake akamzibia upepo kwa mgongo wake. Nilikaa upande wa pili nikifikiri: anajua kuigiza huyu.

Wakampa oksijeni. Wakapiga eksirei. Daktari, binti mwenye miwani, ametuonyesha picha: pafu la kulia jeusi kama inavyotakiwa, la kushoto jeupe karibu lote. Ni nimonia iliyoachwa ikakomaa, ikajaza usaha kati ya pafu na mbavu. "Mlimchelewesha kwa nini?" aliuliza. Nilisubiri Hamida ataje Shangazi, ataje Lameck, atutaje sote. Akasema tu, "Sasa tumemleta, daktari. Tuambie cha kufanya."

Wamemtoboa ubavuni wakampitishia mpira unaoteremka mpaka kwenye chupa chini ya kitanda. Usaha ulitoka wa rangi ya uji wa ulezi, na harufu yake ikamfukuza Lameck, aliyekuwa amefika muda huo huo na tai shingoni. Amesema atarudi. Tumemwona mgongo.

Tarehe 13 Juni

Makohozi yamepimwa, si kifua kikuu. Sindano asubuhi na jioni. Upepo unapiga madirisha ya wodi.

Evelina ametuma ujumbe wa sauti wa kumwombea baba. Ni mrefu. Katikati yake anasikika akimwambia mtu apunguze moto wa maharage.

Tarehe 17 Juni

Idd. Hamida ameswali kwenye kona ya baraza la wodi juu ya kanga yake. Mama mmoja anayemuuguza mgonjwa wa kitanda cha jirani akamletea pilau, limepoa. Akaligawa, nusu akanipa. Nimekula, kwa sababu lilikuwa pilau.

Huwezi kusema hajui kuuguza. Anamgeuza baba ubavu baada ya ubavu, anampigapiga mgongo kwa kiganja alichokikunja kama kikombe, anamfuta. Lakini uso wake wakati anafanya haya! Ni uso wa mtu anayesugua sufuria lililoungua. Hakuna upendo pale hata wa kutia kwenye kijiko. Nimemtazama sana. Ninachokiona ni mtu anayesubiri kitu.

Tarehe 22 Juni

Nimejua anachosubiri.

Nilikwenda kufua mashuka nyuma ya wodi. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, anaongea na kaka yake wa Kondoa, Khalidi, kwenye simu. Nimeyasikia kwa masikio yangu: "Acha haraka, Khalidi. Kwanza liishe hili la kifua. Likiisha tu, njoo na gari. Vitu vyangu nimeshavifunga."

Likiisha. Kwa hiyo anahesabu pumzi za baba! Nilitupa mashuka ndani ya beseni. Nikampigia Lameck hapohapo. Mara ya kwanza maishani Lameck alinisikiliza bila kunikatiza.

Tarehe 24 Juni

Lameck amekwenda Makutupora, akaingia chumbani kwao, akakuta mabegi mawili yamefungwa na vyombo vimezungushiwa magazeti. Amepiga picha, ametuma kwenye kundi. Shangazi kajibu kwa herufi kubwa zote. Evelina analia kwa vikatuni. Baba hajui, simu yake imebaki nyumbani na pumzi hana. Lameck anasema "amechukua hatua". Nimejisikia kama mtu wa maana. Niandike hivyo, ndivyo ilivyokuwa.

Tarehe 28 Juni

Baridi haijawahi kuwa hivi. Wauguzi wanavaa masweta juu ya sare. Baba anatetemeka mpaka mpira unatikisika. Chupa inazidi kujaa, inamwagwa, inajaa tena.

Tarehe 1 Julai

Hamida alikwenda nyumbani asubuhi kuleta mablanketi mazito ya baba. Akarudi mchana mikono mitupu, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Kaka yako ameweka kufuli lake mlangoni," aliniambia. "Mablanketi ya baba yako yako ndani."

Akavua sweta lake, akalitandaza juu ya miguu ya baba, akakaa na kanga mabegani.

Nikampigia Lameck. Yuko Arusha kwenye semina. Ufunguo uko naye Arusha. "Nyie si mnunue blanketi jingine," alisema, "mimi nalinda mali ya mzee." Nikamuuliza mzee ana mali gani inayozidi mapafu yake. Akasema laini ina shida.

Nimeamua. Kesho naenda kulivunja.

Tarehe 2 Julai

Tulikwenda wote wawili. Yule mama wa kitanda cha jirani alikubali kumwangalia baba. Upepo ulikuwa unavuma ukipita kwenye mizabibu, ukitupiga changarawe usoni. Nilipiga kufuli kwa nyundo mpaka kiganja kikachubuka. Hamida akanitazama kwa muda, akaninyang'anya nyundo, akapiga komeo badala ya kufuli. Likang'oka.

"Unapiga kitu kigumu wakati kuna kitu laini pembeni yake," alisema. "Umefanana na baba yako."

Ndani, mabegi yalikuwa palepale. Nilisimama mbele yake nikamuuliza waziwazi. "Unasubiri afe uondoke na gari la kaka yako. Nilikusikia."

Alinitazama kwa dharau kamili, safi, isiyo na hasira hata chembe. Sijawahi kudharauliwa vizuri namna ile.

"Nasubiri apone," alisema.

Akakaa juu ya begi moja, akaniambia. Nayaandika kama alivyosema.

"Mwezi wa tatu tulikuwa tunavuna. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Khalidi akampigia Mwalimu asubuhi: mama amefariki alfajiri, tunamzika baada ya adhuhuri, mlete dada. Mwalimu akajibu, 'Nimekusikia.' Lori la wanunuzi lilikuwa limeshaegeshwa. Mimi niko shambani nakata vichala, yeye yuko kibarazani ananiangalia. Ananiangalia, Gladness. Nakata, napanga kwenye kreti, naimba hata. Lori lilipoondoka, jua limeshageuka, ndiyo akaniita akaniambia: 'Kwenu kuna msiba.' Nilifika Kondoa nikakuta udongo."

Nilikaa juu ya begi la pili.

"Basi nilifunga mabegi yangu," akaendelea. "Nilikuwa niondoke wiki ile aliyoanza kukohoa. Kisha nikafikiri: nikimwacha anaumwa, habari itakuwa mimi. Mrangi kamkimbia mgonjwa. Nikimwacha mzima, habari itakuwa yeye. Kwa hiyo atapona. Apende asipende, atapona."

"Na shamba? Mizabibu ile umepanda wewe."

"Kondoa nako kuna udongo."

Akasimama, akavuta mablanketi kabatini, akanitupia mawili. Tukarudi kwenye pikapu.

Tarehe 3 Julai

Nilimwomba Hamida akapumzike, nikabaki na baba. Amepata nguvu ya kukaa, mito mitatu mgongoni. Nikamuuliza kuhusu siku ile ya lori. Nilitegemea akane. Ningempa heshima kidogo kama angekana.

"Lori lilikuwa limeshafika," alisema, kwa sauti yake mpya, nyembamba kama ya nzi. "Zabibu zingeoza."

"Mama yake alikuwa anazikwa, baba."

"Angefika angefanya nini? Angemfufua?"

Akafumba macho, amemaliza somo. Nilitazama chupa chini ya kitanda. Mpaka leo nilidhani kilichomo humo ndicho kibaya zaidi kilichotoka kifuani mwa huyu mzee.

Huyu ndiye aliyetufundisha kusimama mtu mzima akiingia. Huyu alimchapa Lameck mbele ya shule nzima kwa kumcheka mtoto aliyefiwa. Watu hupita barabarani wakampigia magoti, wanafunzi wake wa zamani, wengine wana mvi. Ningependa kuwaleta wodini, darasa kwa darasa.

Tarehe 7 Julai

Sabasaba. Lameck ametoka Arusha na kofia mpya. Nimemwambia yote, la lori na la mabegi. Alikuna shingo. "Kwa hiyo anaondoka?" alisema. "Sasa si vizuri?"

Nimekwenda kufua mashuka yaliyokuwa tayari safi.

Tarehe 9 Julai

Mtaalamu wa mazoezi ameleta chupa ya maji na mrija. Baba apulize mapovu, pafu lililosinyaa lifunguke. Kila mara akiwa macho.

"Puliza," anasema Hamida.

"Nimechoka."

"Puliza."

"Wewe mwanamke, nimesema..."

"Puliza, Mwalimu."

Anapuliza. Mapovu mawili, kama ya samaki anayekufa. Miaka yote ile ya kuwafokea watoto wakariri jedwali, sasa amepata mwalimu wake.

Tarehe 11 Julai

Puliza. Puliza. Puliza. Wodi nzima imekariri.

Tarehe 15 Julai

Wametoa mpira. Hamida aliomba aonyeshwe kidonda, akakikagua kwa makini kama fundi anayepokea ukuta.

Sasa najua ninachokitazama, na siwezi kuacha kukitazama. Anamlisha kijiko kwa kijiko na katika kila kijiko mna mwisho wake. Baba anapanua kinywa, anameza, anadhani anapendwa. Jana alimwambia mgonjwa wa jirani, "Wanawake hawa ukiwabana kidogo wanakuwa wazuri." Hamida alikuwa anamkata kucha za miguu. Alimaliza kidole, akahamia kingine.

Nilimuuliza, "Mama mdogo, huwa unajizuiaje?" Ni mara ya kwanza kumwita hivyo. Hakushangaa wala hakufurahi.

"Sijizuii. Nikitaka kumsema namgeuza ubavu. Anapona na mimi napumua."

Tarehe 21 Julai

Tumerudi nyumbani jana. Leo imekuwa ibada ya shukrani, mpango wa Lameck. Waumini, wanafunzi wa zamani, viti vya plastiki. Shangazi Ruthu katoa ushuhuda kwamba mvuke wake ulilegeza ule usaha hospitali wakaukuta laini. Lameck kainua kichupa cha mafuta juu kabisa. Wametaja nabii, wametaja daktari, wametaja watoto "waliosimama kidete". Dada Evelina amewekwa kwenye spika, analia, safari hii hakuna maharage.

Hamida alikuwa nyuma ya nyumba akigeuza ugali wa watu wote. Hakuna aliyetaja jina lake. Nilisimama nikasema, "Mnamsahau aliyemuuguza." Mchungaji akasema, "Na mke wake pia, amina." Pia! Kama chumvi iliyosahaulika mezani.

Nilipomfuata jikoni akaniambia, "Kaa chini ule. Mimi sikufanya kwa ajili ya makofi yao."

Tarehe 26 Julai

Upepo. Baba anatembea mpaka choo cha nje, akiegemea fimbo. Mizabibu imebeba vichala vya kijani, vigumu kama kokoto.

Tarehe 2 Agosti

Leo baba amefoka.

Chai ilichelewa. Alikuwa kibarazani, akavuta pumzi, na sauti ikatoka ya zamani, nzima, ya uwanja wa gwaride: "Hamida! Chai iko wapi? Mnalala?" Njiwa waliruka kwenye paa.

Nilikuwa jikoni na Hamida. Nilitegemea akunje uso. Akatabasamu. Sijawahi kuona meno yake, ana mwanya. "Sauti imerudi," alisema. "Alhamdulillahi." Akamimina chai, akaipeleka, akiwa bado anatabasamu, na baba akaniambia baadaye, kwa majigambo, kwamba mwanamke akifurahi kufokewa ujue ametulia.

Hamida alikwenda nyuma ya stoo kumpigia Khalidi.

Tarehe 8 Agosti

Nanenane. Lameck ametuma picha yuko kwenye maonyesho amekumbatia ng'ombe. Ng'ombe ndiye mwenye uso wa akili.

Tarehe 10 Agosti

Puliza bado, asubuhi na jioni. Baba sasa anapuliza mpaka maji yanaruka nje ya chupa, anatuangalia tumpongeze. Ninashika chupa. Nilimwambia Hamida amwambie baba mapema kwamba ataondoka, ajiandae. Akasema, "Mimi niliandaliwa?"

Tarehe 19 Agosti

Kliniki. Daktari yule mwenye miwani ameweka picha mbili kwenye mwanga, ya Juni na ya leo. Ya leo ni nyeusi pande zote mbili, imebaki mstari mwembamba chini kama mshono. Alimsikiliza baba mgongoni kwa muda mrefu. "Kifua ni kisafi kabisa. Nani alikuwa anamsimamia mazoezi?"

Baba akajibu, "Mimi mwenyewe ni mwalimu. Nina nidhamu."

Daktari alimtazama Hamida. Hamida alikuwa anaitazama picha. Alisogea karibu akauliza, "Huu mstari hautaleta shida?"

"Hapana mama. Ni kovu tu."

"Anaweza kulima?"

"Taratibu, lakini anaweza."

"Kupika? Kuteka maji?"

Daktari alicheka. "Anaweza yote."

"Asante, daktari," alisema Hamida, na nilisikia katika sauti yake uchovu wa kipupwe chote ukishuka chini.

Tarehe 20 Agosti

Amefagia nyumba yote. Amekunja mablanketi.

Tarehe 21 Agosti

Khalidi alifika na gari saa nne hivi. Ni mtu mrefu, mpole, kofia yake imepauka. Alinisalimia, hakuingia ndani, hakumpa baba mkono. Mimi na Hamida tukabeba mabegi. Shangazi Ruthu, aliyekuja juzi kula uponyaji wa mdogo wake, alikuwa kibarazani na bakuli la viazi. Aliacha kutafuna.

"Si nilisema?" alimwambia baba. "Mwache aende! Tutakutafutia mtu wa kwetu."

Baba alikuwa amesimama bila fimbo. Hakuelewa. Naapa hakuelewa, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona wanafunzi wanatoka darasani kabla ya kengele.

"Unakwenda wapi? Zabibu zinaanza kuiva."

"Nakwenda kwa mama," alisema Hamida.

"Mama yako si alikufa?"

Khalidi aligeuka akatazama barabarani. Niliona taya lake. Hamida aliweka begi ndani ya gari, akarudi hatua kadhaa mpaka mbele ya mumewe, karibu kama alivyokuwa akikaa kumlisha. Nilidhani sasa atayasema yote, lori, kreti, udongo. Nilitaka ayaseme. Nilitaka Shangazi asikie, Lameck apigiwe simu asikie.

Alimtazama tu, kuanzia juu mpaka chini, polepole, akikagua kazi yake.

Ule ukimya ulimtisha baba kuliko maneno. Nilimwona anatafuta kitu cha kumshika nacho. Si samahani, samahani hana, haikuwa kwenye mtaala. Akatafuta, akapata:

"Na dawa zangu? Dawa zangu umeziweka wapi?"

"Dawa zimeisha, Mwalimu," alisema Hamida. "Umepona."

Akaja kwangu. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilimwambia, "Shikamoo mama," wakati ni kwaheri, na miezi hii yote salamu yangu kwake ilikuwa ya mdomo nusu. Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Usikae hapa ukawa mimi." Akaingia garini.

"Gladness!" baba aliniita. "Mwambie arudi!"

"Mwambie mwenyewe, baba. Kifua kimepona."

Akavuta pumzi, kifua chote kikajaa, pande zote mbili. Nikasubiri aite jina la Hamida. Gari likazunguka, likashika njia ya lami, vumbi likatanda juu ya mizabibu, naye bado amesimama na pumzi ile ndani, hajui aitie neno gani. Mwishoni aliitoa tu.

Tarehe 23 Agosti

Shangazi amerudi Gulwe. Amegundua kwamba hakuna wa kupika. Lameck ametangaza kwenye kundi kwamba "hali imetulia". Evelina ameuliza kama mimi sasa nitakaa moja kwa moja. Nimejibu kwamba nitaondoka Jumatatu, nimejitoa kwenye kundi, simu ikawa nyepesi.

Tarehe 25 Agosti

Sikuamka kuwasha moto. Nililala nikisikiliza.

Baba alitoka chumbani kwake, akaita mara moja, "Gladness!" Sikuitika. Akasimama. Kisha nikasikia mlango wa jikoni, masufuria yanagongana, kiberiti kinakataa, kinakubali. Nikaenda dirishani.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, koti la ukuu wa shule likiburuzika majivuni, anapuliza moto. Moshi ulimfunika kichwa. Anapuliza, anapumzika, anapuliza tena, kwa mpangilio aliofundishwa. Moto ukawaka. Akakoroga uji wa uwele, ukashika chini, harufu ya kuungua ikafika mpaka kwangu. Akaumimina hivyohivyo, akaunywa amesimama, peke yake.

Nilibaki pale muda mrefu kwenye moshi ule, nikitegea sikio. Hakukohoa hata mara moja.